Taiming ya kamshafti: alama za kiwandani, doti za fundi au kuangalia valvu?

Mzee_wa_Spana: Wakuu, nina Fuso injini 6D16 nimeishusha yote, laina mpya, pistoni mpya, ringi na beringi. Kufika kwenye taiming ya kamshafti (shafti inayofungua valvu, lazima iende sambamba na krenki inayozungushwa na pistoni) mafundi wangu wawili wanagombana, mmoja anataka alama za kiwandani kwenye gia, mwenzake alipiga doti zake kwa sentapanchi kabla hajafungua na anazing'ang'ania hizo. Nimsikilize nani?

dereva_mstaafu: Za kiwandani. Doti zinakurudisha ulikotoka tu, kama aliyefungua kabla yako alikosea unarithi kosa lake. Na ukibadilisha gia moja doti zimekufa.

kijana_wa_gereji: Ila za kiwandani saa nyingine uchafu umejaa huzioni. Mimi naosha, napaka rangi nyeupe juu ya alama ileile, napiga picha kwa simu ndo nang'oa. Halafu gia zenye meno ya mshazari ukiisukuma inajizungusha kidogo, unaona iko sawa kumbe ikikaa imeshapita jino moja

Mzee_wa_Spana: jino moja tu lina shida gani?

fundi_kimya: Piga hesabu. Chukulia gia ya kamshafti ina meno 50, jino moja ni digrii 7.2, na krenki inazunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja, kwahiyo kwenye krenki ni digrii 14.4. Kwenye dizeli pistoni ikiwa juu nafasi kati yake na valvu ni finyu sana, ukiwa na bahati unakunja pushrodi (fimbo ya kusukuma valvu), ukikosa valvu inagonga pistoni zako mpya.

Mimi nafungia alama ila naamini valvu. Weka kwanza nafasi ya valvu kwa fila geji (vibati vya kupimia), leta pistoni namba 1 juu kwenye kompresheni, valvu zake zote zimefunga, halafu angalia namba 6 inayopanda pamoja nayo (faya oda, mpangilio wa silinda kuwaka, ni 1-5-3-6-2-4), valvu ya egzosi inamalizia kufunga huku ya intek inaanza kufungua. Zungusha flaiwili (gurudumu zito la krenki) kidogo huku na huku uone rokaa, mikono inayobonyeza valvu, zinapokezana. Zikipokezana mbali na alama ya flaiwili umeruka jino. Na usikimbilie staata, zungusha kwa mkono raundi mbili kamili, ikigoma usilazimishe!!

kijana_wa_gereji: Na baada ya hizo raundi mbili alama za gia zisipokutana usishtuke, aidla (gia ya kati inayounganisha krenki na kamshafti) ndo inazipoteza mpaka izunguke mara nyingi. Mimi nilifungua kava ya mbele yote upya nikidhani nimekosea, siku nzima ikaenda bure, bosi kanuna.

dereva_mstaafu: Na kama zinazopokezana ni za namba 1?

fundi_kimya: Kamshafti haina kosa, ongeza raundi moja ya krenki. Pampu ya dizeli ndo uwe makini, ukiifunga na raundi hiyo imepishana gari haliwaki

Mzee_wa_Spana: Tumezungusha asubuhi, namba 6 inapokezana palepale. Na doti za yule fundi zimeangukia juu ya alama za kiwandani, wamenuniana siku tatu bure 😂 Sasa wameanza kugombania taiti ya bolti za hedi