Kundi letu la taarab ni la watu watano, nimepata kazi Maskati peke yangu. Naombeni ushauri

Mrisha
Assalaam alaykum wakuu. Nipo Unguja, napiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya kulaza mapajani, kwenye kundi dogo la taarab asilia. Tupo watano: ganuni, udi, fidla, rika (kigoma kidogo cha mkononi chenye njuga) na mwimbaji. Jioni tunapiga hotelini Mji Mkongwe, na harusi zikija tunapiga. Sasa hoteli moja ya Maskati inanitaka mie peke yangu, mkataba wa mwaka mzima na nyumba juu yao. Tangu wenzangu wasikie, mazoezi yamekuwa kimya. Mtu akimaliza anafunga ala yake, huyoo. Usingizi sina. Niwaambieje wanielewe?

Kipanga wa Temeke
Mkuu, hapo ushauri wa nini? Riali ya Omani unaijua thamani yake? Panda ndege. Watanuna wiki mbili, wataanza kukutumia salamu wakitaka simu.

Mama Ilham
Mwanangu, usiende kwa ugomvi. Marehemu mume wangu alipiga tarumbeta kwenye bendi ya dansi Dar. Mwenzao mmoja aliondoka usiku bila kuaga, bendi ikafa, na wale wazee mpaka leo wakikutana msibani hawapeani mkono. Mume wangu aliacha kabisa, akauza mbao Buguruni. Tarumbeta bado ninayo, watoto wanaichezea.

Abuu Swafiya
Mimi nakuuliza la akhera kwanza. Kupigia walevi hotelini, huko na huko, rizki hiyo umeitazama?

Mrisha
Sheikh, nashukuru kwa nasaha. Ila nimeuliza kuhusu wenzangu.

Udi na Uvumba
Swali dogo. Hiyo ganuni ni ya nani?

Mrisha
Ipo kwangu miaka mingi.

Udi na Uvumba
Sikuuliza ipo kwa nani.

Mrisha
Haya. Ilinunuliwa na kundi. Kila malipo ya hoteli tulikuwa tunakata kidogo tunaweka, mpaka tukaagiza Cairo. Lakini jamani, nani kaitunza? Ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na zikikatika nanunua mie kwa pesa yangu. Masika ngozi iliyo chini ya daraja linaloinua nyuzi inalegea, sauti inazama, naamka usiku kuifunika. Mpiga udi hajawahi hata kuifuta vumbi. Na hoteli imesema wazi: uje na ala yako.

Kipanga wa Temeke
Ohoo. Kumbe bibi harusi anaondoka na kitanda cha ukumbini.

Mwanakwetu Ohio
Mrisha, sikiliza kisa cha huku, kipo kwenye kumbukumbu za mahakama. Audubon Quartet, kundi la muziki la Marekani, walikuwa wanne: fidla mbili, viola na chelo. Mwaka 2000 watatu wakamtoa mpiga fidla wa kwanza. Akawashtaki, mahakama ikaamua alipwe zaidi ya dola 600,000, na wenzake wakafika pa kutishiwa kunyang'anywa ala zao wenyewe. Watu waliokaa miaka wakipumua pamoja kwenye kila noti! Kundi la watu wachache lina mali ya pamoja hata kama hamkuandika popote.

Mrisha
Mie sijamtoa mtu. Naondoka mwenyewe.

Udi na Uvumba
Unaondoka na kundi lote ndani ya kasha moja. Fidla utaikuta kwa jirani, mwenye udi atapatikana. Ganuni ngapi zipo Unguja? Sultani Barghash alipotaka taarab hapa, alimtuma Mohamed bin Ibrahim mpaka Misri akajifunze ganuni. Yule alirudi nayo.

Pwani Digital
Wakuu, mnajibu chai. Mtu anajiita Mrisha, kundi halina jina, hoteli haina jina, ganuni ya Cairo, Maskati… Hadithi hii imetungwa watu wajaze kurasa. Mpiga ganuni wa kweli anijibu hili: upo kwenye maqam (mpangilio wa sauti za Kiarabu) ya Rast inayoanzia noti ya do, unataka kuingia maqam ya Bayati inayoanzia re. Unagusa nini?

Mama Ilham
Mwacheni mtoto wa watu, ana mawazo.

Kipanga wa Temeke
Hapana mama, leo mtihani upite. Nami nimemshauri bure.

Mrisha
Noti ya mi haiguswi, robo toni yake ni ileile kwenye zote mbili. Nashusha noti ya si peke yake, toka robo toni chini mpaka nusu toni chini. Mkono wa kushoto unaacha kupiga kwa risha (kidude cha kupigia nyuzi), unageuza vile vibao vidogo vya shaba, wa kulia hausimami. Jina la kundi sitoi kwa sababu wenzangu nao wanasoma humu.

Pwani Digital
Jibu ni sahihi. Nafuta neno chai. Babu yangu alipiga ganuni, sikutaka mtu aichezee. Lakini tazama: la maqam umelijibu papo hapo, la wenzako umevutwa kama nyuzi mpaka likatoka. Wamekunyamazia kwa sababu ya Maskati au kwa sababu ya ganuni?

Mrisha
Mpiga rika aliuliza siku moja tu: "Na ile?" Nikamwambia tutazungumza. Hatujazungumza. Nimefikiria niwe natuma pesa kila mwezi mpaka fungu lao liishe. Huo si wizi.

Mwanakwetu Ohio
Si wizi wakikubali. Bila kuwauliza, tafuta neno lingine. Andikeni karatasi, muweke saini wote watano. Wakikataa, mwombe mwajiri akukopeshe ununue yako, ukatwe kwenye mshahara. Na yoyote utakayobeba, legeza nyuzi kabla ya ndege, iwe kwenye kasha gumu. Viyoyozi vya Ghuba vinakausha mbao mpaka zinapasuka.

Abuu Swafiya
Deni la watu halisamehewi ila na wenyewe. Hapo mimi na huyu wa Ohio tumekubaliana.

Mrisha
Kesho baada ya mazoezi nitawakalisha, ganuni iwe hapo katikati, kila mtu aseme lake. Wakisema ibaki, sijui nitafanyaje. Ila kwenda, naenda.

Udi na Uvumba
Vizuri. Mkae kabla hujakata tiketi.

Mrisha
Tiketi ishakatwa, mkuu. Na kasha nishalilipia kama mzigo.