Kliniki ya akili tulipe keshi, kitanda ndiyo kilipiwe na bima. Mpaka lini?

Wana Mombasa na Pwani nzima, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kila nikiwasha redio nasikia afya ya akili, afya ya akili, tuzungumze, tusinyamaze. Tumeshazungumza. Sasa tunataka kujua nani analipa.

Kakangu ni mgonjwa wa akili tangu akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na akiwa sawa hakuna wa kumshinda. Mageti mengi ya mtaani kwetu huku Kisauni ni kazi ya mikono yake. Kuwa sawa kwake kunategemea sindano moja ya kila mwezi na vidonge vya usiku. Basi. Hataki mashine, hataki upasuaji. Akichomwa sindano yake anaamka, anaenda kazini, analipa kodi ya chumba, anampelekea mama unga na mafuta. Akiikosa, haipiti muda mrefu usingizi unakata, anaanza kugombana na watu tusiowaona, na mwisho wake vijana wa mtaa wanaitwa kuja kumshika.

Mwezi uliopita nimempeleka kliniki katika hospitali moja, sitaitaja. Michango yake ya SHA, ile bima ya afya ya taifa, imelipwa ya mwaka mzima, nililipa mimi. Karani akaangalia kompyuta, akasema kadi iko hai, haina shida. Halafu akasema, "Lakini kliniki ya akili ni keshi, dada. Akilazwa ndiyo tunatumia SHA." Nikamuuliza, kwa hiyo nimngoje arukwe na akili ndipo kadi ifanye kazi? Akasema yeye hakuweka huo utaratibu. Najua hakuuweka yeye. Nikalipa kumuona daktari. Kwenye dirisha la dawa sindano hakuna. Muuguzi akachana kipande cha boksi la glavu, akaniandikia jina la dawa kwa kalamu nyekundu, akaniambia nikanunue nje. Nikapanda tuktuk hadi Mwembe Tayari, duka la kwanza hawana, la pili wanayo. Nikanunua dawa, nikanunua na bomba la sindano, nikarudi, nikalipia na kuchomwa. Muda wote huo kakangu amekaa kwenye benchi na fomu yake mkononi, kimya, amekosa kazi ya siku nzima. Vidonge nilinunua nusu ya mwezi, hela ziliishia hapo.

Hapo ndipo panaponichoma. Kutoka kliniki moja hadi nyingine hatumalizi elfu tatu kwa mwezi, nauli ndani. Akianguka, analazwa wiki kadhaa, na siku moja tu ya wadi inakula pesa ambayo ingemweka sawa kwa majuma. Hiyo ya wadi ndiyo wako tayari kuilipa. Yaani gharama ndogo inayozuia hatari naambiwa nitoe mfukoni, gharama kubwa inayokuja baada ya hatari ndiyo ya bima. Ni mpango gani wa pesa huu? Mwenye duka Kongowea akiuza hivi hafikishi Ramadhani.

Na msiniambie serikali haijui. Inajua, tena kwa hesabu zake yenyewe. Wizara ya Afya ilitoa ripoti mwaka 2021 kuhusu faida ya kuwekeza katika afya ya akili, ikasema magonjwa ya akili yaliigharimu Kenya takriban shilingi bilioni 62.2 kwa mwaka 2020. Sehemu ndogo tu ya hizo ni za matibabu. Zaidi ya bilioni 56 ni kazi ambazo hazikufanywa: watu waliokosa kufika kazini, waliofika lakini hawawezi kitu, waliokufa mapema. Hayo ndiyo mageti ambayo kakangu hakuyachomelea. Na humo hakuna hesabu ya mamangu, anayefunga biashara yake ya viazi karai kila mwanawe anapozidiwa kwa sababu hawezi kumwacha peke yake nyumbani.

Kabla ya hapo, mwaka 2020, jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilishaishauri serikali itangaze magonjwa ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa, ikasema wazi kwamba mgonjwa wa akili ana haki ya bima ya matibabu, ya umma na ya binafsi, na asibaguliwe. Sheria ipo. Ukifika dirishani unaambiwa keshi.

Sasa tuje kwenye SHA yenyewe, maana ilipoingia Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, tuliahidiwa kwamba hakuna atakayeachwa. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hata hasikii. Sisi wa jua kali, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini hutakiwi kulipa kwa mwezi, unatakiwa ulipe mwaka mzima kwa mpigo. Hiyo ni 3,600 kwa wa chini kabisa, na wengi wanawekewa zaidi, kwa sababu kipato chako kinakisiwa kwa kuangalia nyumba yako imejengwa na nini, choo gani, maji gani, taa gani. Nyumba ya urithi ya mawe inaweza kukufanya uonekane tajiri na ndani hamna unga. NHIF ilikuwa na matatizo yake mengi, wizi tuliusikia wote, lakini kibarua alilipa 500 zake za mwezi akajua mwezi huu niko ndani. Sasa wameleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, na huo ni mkopo. Mtu anayepata kazi mwezi huu na mwezi ujao yuko wadini unampa mkopo wa bima?

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia mbunge hata mmoja wa Pwani akilisema. Kijana akishapita umri wa kutegemea wazazi, kwa SHA anahesabiwa kaya yake mwenyewe na anatakiwa alipe mwenyewe. Anayebaki chini ya mzazi ni mlemavu anayemtegemea mzazi kabisa. Sasa kakangu mimi mtamweka wapi? Miezi minane ya mwaka ni fundi, anafanya kazi kuliko nyinyi nyote. Miezi mingine hawezi kufunga kifungo cha shati. Mlemavu wa kumtegemea mama kabisa si yeye, na mtu mwenye uwezo wa kutoa michango ya mwaka kwa mpigo pia si yeye. Magonjwa haya huja na kuondoka, kila daktari anajua hivyo. Walioandika kanuni ndio wanaotaka mtu awe mzima moja kwa moja au awe hajiwezi moja kwa moja. Na mwezi ambao michango imekatika huwa ni huohuo ambao mtu amekatika akili, kwa sababu asiyefanya kazi halipi.

Mtasema nenda zahanati, ni bure. Kweli, Mfuko wa Afya ya Msingi unalipia matibabu ya kutwa kwenye zahanati na vituo vya afya, levo ya 2 na ya 3, hata kama hujatoa mchango. Nashukuru kwa hilo, wanangu hutibiwa huko. Lakini nitafutieni zahanati ya levo ya 2 yenye daktari wa akili na sindano ya mwezi kwenye friji au kabatini. Wataalamu wako hospitali kubwa, pesa ya bure iko zahanati ndogo, na mgonjwa yuko katikati anaulizwa keshi.

Hospitali nazo sizitetei, ila nazielewa. Zimedai NHIF mpaka ikafa na deni, zikaanza kudai SHA, na Februari 2025 hospitali nyingi za binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama kwa sababu ya malimbikizo. Ikiwa pesa ya bima inachelewa na pesa ya mgonjwa iko papo hapo, karani atakuambia nini? Deni la serikali linabebwa na familia.

Wengine mtakuja hapa kuandika kwamba ni jini, apelekwe asomewe. Sijaja kubishana na mtu juu ya kombe wala ruqya. Mamangu anamsomea mwanawe kila Alhamisi usiku na namuitikia amina. Ninachosema ni kwamba nimekaa na familia nyingi za wagonjwa, na wengi hawaendi kwa mganga kwa sababu hawaamini hospitali. Wanaenda kwa sababu mganga anakubali kulipwa kidogo kidogo. Leo mia mbili, kuku baada ya mavuno, kinachobaki ukipata. Mganga wa kijijini ana mpango wa malipo unaomfaa maskini kuliko bima ya taifa. Viongozi wetu wanaona sawa?

Mei 2024 gavana wetu alipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, mahakama ikasimamisha amri, maandamano, makelele, kila mtu akawa mtetezi wa akili za vijana wa Pwani. Sina neno, muguka umetuharibia watoto. Lakini marufuku ni kazi ya siku moja. Yule kijana aliyekwisha kuharibika mnamlipia kliniki mwezi gani, kutoka fungu gani? Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na bajeti ya kaunti inapopelekwa kwa wananchi kujadiliwa hatuoni mstari wa dawa za akili.

Nataka mambo matatu tu na sioni ugumu wake. Kliniki ya akili na sindano ya mwezi zilipiwe na bima bila mtu kulazwa. Mgonjwa wa akili asikatiwe huduma miezi ambayo hajiwezi kwa sababu ya michango. Na dawa hizi za zamani, za bei nafuu, zisikosekane kwenye dirisha la hospitali ya umma.

Naomba kila aliyelipishwa keshi kwa kliniki ya akili au kwa dawa ilhali michango yake imelipwa aandike hapa chini: mwezi gani, hospitali ya levo gani, alilipa shilingi ngapi. Msiweke jina la mgonjwa, funikeni namba ya kitambulisho kwenye risiti. Nikipata za kutosha nitazichapisha, nipeleke nakala bunge la kaunti na nyingine ofisi ya mbunge wetu, na nitahakikisha nimegongewa mihuri ya kupokelewa yote miwili. Za kwangu nazibandika jioni hii nikitoka kazini.