Naomba ushauri: zamu ya kuishi na mzee iwe ya wiki ngapi?

Wakuu mlioko Uingereza kwenye kazi ya kutunza wazee kwa kuishi nao nyumbani, nisaidieni.

Familia inataka mhudumu mmoja akae wiki 12 mfululizo na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau. Kampuni nyingi hupanga wiki 6 hadi 8, kisha mapumziko ya wiki 1 au 2. Nyingine huzungusha wahudumu wawili. Hoja ya familia ni kwamba sura ngeni zinamvuruga mzee. Kweli kabisa. Ila mchovu naye hukosea: anasahau kutia saini karatasi ya dawa, kidonge kinatolewa mara mbili, au anamnyanyua mzee kwa mikono kwa uvivu wa kufunga mkanda wa winchi (mashine ya kumnyanyulia mgonjwa).

Kubwa zaidi ni usiku. Mzee anaamka mara 3 au 4, na saa 2 za mhudumu kutoka kupumzika mchana hazilipi usingizi huo. Sheria ya muda wa kazi ya 1998 inampa mwajiriwa saa 24 za kupumzika kila wiki, au 48 kwa wiki mbili, lakini nani atashika zamu siku hiyo? Mkataba haujasema.

Naelemea wiki 6, wapokezane wawili walewale, na makabidhiano ya nusu siku mzee akiwapo. Je, nusu siku inatosha? Na familia ikigoma kuweka mtu wa usiku, mnaibanaje bila kupoteza kazi?