Tai wa muhuri wa Rais wa Marekani HAGEUZI kichwa vita ikianza. Acheni kuwatisha watu!

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Marekani ikirusha kombora popote, siku hiyohiyo magrupu ya WhatsApp yanajaa ile video: sauti nzito, muziki wa kutisha, muhuri wa Rais wa Marekani umezungushiwa duara jekundu, na maandishi chini yake kwamba tai kageuza kichwa kutoka kwenye tawi la amani kwenda kwenye mishale, kwa hiyo vita kuu imeshaanza kimyakimya. Safari hii nimeisikia mpaka redioni, kipindi cha asubuhi, mtangazaji anaisoma kama taarifa ya habari. Mama mmoja akapiga simu kuuliza kama amwambie binti yake aliyeko Oman arudi nyumbani haraka. Mtangazaji akamjibu "afanye maombi." Hakumwambia kwamba hana ushahidi wowote wa anachokisema. Nilikuwa kwenye daladala, nikatamani kushuka nikaifuate hiyo studio.

Ni uongo. Msiniambie kuna mitazamo tofauti. Mimi nafundisha historia sekondari, na huu uongo unaletwa darasani kwangu na watoto wanaoamini kwamba mwalimu ndiye hajui.

Anayebisha atafute noti ya dola moja, au picha yake mtandaoni, aangalie mgongoni. Kwenye duara la kulia kuna tai. Mguu ulio kushoto kwako umeshika tawi la mzeituni, ulio kulia kwako umeshika mishale, na kichwa kimeelekea kwenye tawi. Ule ni Muhuri Mkuu wa Marekani, uliopitishwa na Kongresi tarehe 20 Juni 1782, na ulianza kuchapwa kwenye dola moja kwa noti za toleo la 1935. Japani iliposhambulia Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani huko Hawaii, Wamarekani walitoa mwaka 1942 noti maalumu kwa ajili ya Hawaii, zenye neno HAWAII kwa herufi kubwa mgongoni, ili visiwa vikitekwa noti hizo zitangazwe kuwa hazina thamani. Zilitengenezwa kwa sababu ya vita na zikatumika vitani. Tafuteni picha zake mkuze. Tai anatazama tawi.

Sasa muhuri wa Rais ni mwingine, na wapotoshaji wanaichanganya hii miwili kila siku. Muhuri Mkuu unatunzwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Wa Rais ni wa ofisi yake, ule unaouona mbele ya meza ya kuhutubia. Mwaka 1850 Rais Millard Fillmore alichora mchoro wa muhuri kwa mkono wake akampelekea mchongaji Edward Stabler wa Maryland. Baadaye, zama za Rutherford Hayes, aliyeondoka madarakani 1881, tai wa Rais akachorwa akitazama mishale. Akabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 60! Vita ya Kwanza ya Dunia ilimkuta anatazama mishale, ikaisha ikamwacha hivyohivyo, miaka ya 1920 yote ya amani akaendelea kuitazama. Kama kichwa kinafuata vita, mbona hakikugeuka hata mara moja?

Kilichokuja kumgeuza ni suala la vyeo vya jeshi. Mwaka 1916 Rais Woodrow Wilson aliweka bendera ya Rais yenye tai huyohuyo na nyota nne, moja kila pembe. Desemba 1944 Kongresi ikaunda vyeo vya majenerali na maadmirali wa nyota tano. Rais Franklin Roosevelt akaona haikai sawa Amiri Jeshi Mkuu kuwa na nyota pungufu kuliko watu anaowaamuru, akataka bendera ichorwe upya. Akafariki tarehe 12 Aprili 1945 kazi haijaisha, ikamwangukia Harry Truman. Mtaalamu wa nembo wa jeshi, Arthur DuBois, ndiye aliyesema kwamba kwa kanuni za nembo za kale upande wa heshima ni kulia kwa mbeba ngao, na tai kutazama kushoto kwake, yaani kwenye mishale, hakuna msingi. Truman akakubali, na akapenda kwamba sasa tai angetazama amani. Agizo namba 9646 likasainiwa tarehe 25 Oktoba 1945. Tai akageuzwa, akapewa rangi zake kamili badala ya kuwa mweupe, na nyota 48 zikamzunguka, moja kwa kila jimbo la wakati ule.

Japani ilikuwa imesaini kusalimu amri tarehe 2 Septemba. Watu wakaunganisha wenyewe: vita imeisha, tai kageuka. Mwaka uliofuata Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alipooneshwa bendera hiyo na Truman ndani ya treni wakielekea Fulton, Missouri, alitania kwamba shingo ya tai ingewekewa kitu cha kuigeuza huku na huku. Utani wa mzee safarini leo unauzwa kwetu kama siri ya taifa kubwa.

Tangu 1945 Marekani imepigana Korea, Vietnam, Ghuba, Afghanistan na Iraq. Kichwa hakijasogea. Kilichobadilika ni nyota tu: 49 mwaka 1959 baada ya Alaska kuwa jimbo, 50 mwaka 1960 kwa ajili ya Hawaii.

Na ile picha ya "ushahidi", ya Rais ameketi na tai mbele ya dawati anatazama mishale, ndiyo inayonikera kuliko yote. Lile ni dawati la Resolute, zawadi ya Malkia Victoria kwa Hayes mwaka 1880. Roosevelt aliagiza ubao wa mbele wenye nembo ya Rais, ukachongwa kwa mtindo wa zamani, na ukafungwa 1945 yeye akiwa ameshafariki. Hakuna aliyeuchonga upya. Marais wengi tangu Kennedy wamekaa nyuma yake, wakati wa vita na wakati wa amani. Mtu anakata picha hiyo, anaweka duara jekundu, anavuna watazamaji, na mama wa watu halali usiku akimuwazia mwanawe Uarabuni.

Wale wa freemason na "mbona kila kitu ni 13", hesabu hiyo ni majimbo 13 yaliyoanzisha nchi. Piramidi na jicho viko upande wa pili wa Muhuri Mkuu. Kwenye muhuri wa Rais havimo kabisa.

Mods, naomba nyuzi zote zenye hiyo video ziunganishwe na huu au zifutwe. Nanyi mlioisambaza humu, najua mnasoma: maagizo rasmi ya Rais wa Marekani (executive orders), kama lile la 9646, yana namba na tarehe, na yanachapishwa hadharani. Leteni namba ya agizo lililoamuru kichwa kigeuzwe vita ikianza. Kama hamna, futeni mlichoandika, kisha mrudi kwenye magrupu yaleyale mliyoyatumia video mkawaambie watu mliwadanganya.