Krimu za jua za Kikorea: ya mchele, ya sentela au ya Birch Juice?

Mwanaidi_TA: Wapendwa, nina chunusi zinazoacha madoa meusi mashavuni. Paji la uso lina mafuta, mashavu makavu. Nimebakiza tatu, zote SPF50+ PA++++: Beauty of Joseon Relief Sun (mchele), Skin1004 Hyalu-Cica (sentela, mmea wa dawa) na Round Lab Birch Juice (utomvu wa mti wa birch). Viungo vilivyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi vinafanya nini hasa?

BiShani: Mdogo wangu, mie natumia ya mchele. Dondoo la mchele ni asilimia 30, ngozi inalainika kweli. Ila kwa madoa tegemea niasinamidi (aina ya vitamini B3) iliyomo: inapunguza rangi inayotoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu. Haichubui! Nalisema kwa nguvu kwa sababu nina ndugu zangu walioharibika nyuso kwa krimu za kuchubua. Tyubu yangu moja nimeanza nayo Ramadhani, bado ipo.

Mfamasia_Tanga: Mchele, sentela, utomvu wa birch, vyote vinahudumia ngozi tu. Jua linazuiwa na vichujio, kama Uvinul A Plus iliyomo kwenye hiyo ya mchele. SPF inapima kinga ya UVB, miale ya jua inayounguza. PA inapima kinga ya UVA, miale inayopenya hata kioo cha dirisha na kukoleza madoa. Halafu usidharau majina ya chini kwenye orodha ya viungo, vile vilivyowekwa kidogo. Korea, adenosini ya asilimia 0.04 tu inatosha bidhaa kuruhusiwa kudai inapunguza makunyanzi. Niasinamidi ya kudai kung'arisha ni asilimia 2 hadi 5.

Kibokoni88: Kwa joto la Mombasa, dada, chukua ya sentela. Nyepesi, inateleza kama maji. Sentela inatuliza ngozi inayowaka, na asidi ya hialuroniki inashika maji bila kuongeza mafuta. Mimi chunusi zikivimba, ndiyo pekee isiyonichoma. Birch Juice nzuri kwa ngozi kavu, lakini mimi adhuhuri paji lote linang'aa.

Mfamasia_Tanga: Na zote tatu hazikuachi na ule weupe wa majivu, maana hazitegemei oksidi ya zinki, ule unga mweupe wa kuzuia jua. Upungufu wao kwetu weusi ni mmoja: hazina oksidi za chuma (rangi za madini zinazozuia mwanga), na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao unakoleza madoa. Juu yake paka poda au faundesheni yenye oksidi hizo, ya rangi yako.

BiShani, samahani dada, tyubu ya mililita 50 tangu Ramadhani? SPF hupimwa kwa miligramu 2 kila sentimita ya mraba. Usoni ni kama mistari miwili ya krimu, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Kwa kipimo hicho haifiki miezi miwili.

BiShani: Loo! Mie naweka punje kama ya dengu. Asante, kaka, kesho naanza upya.

Mwanaidi_TA: Basi nachukua ya sentela, na niasinamidi nitaitafuta kwenye seramu ya usiku. Kaka Mfamasia, shingo nayo ina mistari yake?

Mfamasia_Tanga: Ndiyo, shingo nayo iongezee. Na masikio usiyasahau.