Nimepata C: nirudie mtihani, nishike kazi ya dukani au nianze stashahada?

Binti wa Kisauni:
Assalamu alaykum wakubwa kwa wadogo. Nina umri wa miaka 19, na mtihani wa kidato cha nne niliofanya mwaka jana umenipa wastani wa C. Tangu utotoni nimetaka uuguzi, lakini shahada inahitaji wastani usiopungua C+, na mimi nimeikosa kwa hatua moja kwa sababu ya kemia, niliyopata D+. Nimeambiwa kwamba kwa Kiswahili cha B, baiolojia ya C+ na hisabati ya C- ninaweza kuomba stashahada ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali ya Kenya cha mafunzo ya tiba. Shangazi anasema stashahada ni ya walioshindwa, afadhali nirudie mtihani. Ami yangu ana duka la M-Pesa Bombolulu, hapa Mombasa, na yuko tayari kunilipa shilingi 12,000 kwa mwezi kuanzia wiki ijayo. Mama, ambaye ndiye atakayelipa karo kwa mahamri na mbaazi anazouza alfajiri, hasemi neno. Nikimsaidia kukata unga hunitazama kidogo, kisha akasema mafuta yameshika moto, nilete. Naomba ushauri wenu.

Mrudiaji wa Tononoka:
Dada, mimi nilirudia, kwa hivyo nitakueleza yale ambayo hakuna aliyenieleza. Huwezi kurudia kemia peke yake ukapewa wastani mpya, kwa kuwa wastani hutolewa kwa aliyefanya masomo yasiyopungua 7, na hivyo hata Kiswahili chako cha B utakiweka rehani upya. Nilikuwa nikisoma katika maktaba ya Tononoka tangu ifunguliwe hadi ifungwe, bila mwalimu na bila maabara. Nikafika C+ kweli, lakini Kiswahili kikashuka.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hukuliangalia. Tangu mtihani wa 2023, wastani huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine 5 yaliyo bora. Ikiwa ulifanya masomo 8 na kemia ndiyo ya mwisho kwa alama, basi haikuhesabiwa kabisa, na kilichokuvuta chini ni kingine. Tazama karatasi yako ya matokeo kabla ya kulipia tuisheni ya kemia. Kumbuka pia kwamba ukisajiliwa mwaka huu utafanya mtihani mwishoni mwa mwaka, upate matokeo Januari, kisha usubiri tena miezi kadhaa ndipo uingie chuo kikuu. Sijutii, ila nilikuwa na baba anayenilisha muda wote huo.

Mzee wa Likoni:
Mwanangu, mimi nilichagua ile njia ya ami yako. Nilikuwa na miaka 20 nilipopata kazi ya ukarani kwa wakala mmoja wa forodha, nikasema nitasoma baadaye, na pesa ya kwanza ilikuwa tamu kiasi kwamba sikuona haja ya kuharakisha. Sasa nina miaka 41, na ndiyo kwanza nasomea uhasibu jioni. Nusu ya noti zangu nazisoma nikiwa nimesimama kwenye feri, begi nimelibana kwapani, na nikifika ukurasa wa pili tumeshagonga ng'ambo. Nyumbani nakuta tokeni za umeme zimekwisha na kitinda mimba wangu ananisubiri na hesabu zake za darasa la nne. Akili yangu haijapungua, nashukuru Mungu. Kilichopungua ni saa za kuitumia. Simlaumu aliyeniajiri, wala usimuone ami yako kuwa na nia mbaya, lakini shilingi 12,000 utakazopata ukiwa na miaka 19 zitakuwa zile zile, au zaidi kidogo, ukiwa na 25.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Bibiye, mimi niliingia kwa stashahada, na nakuhakikishia kwamba saa nane za usiku mgonjwa anayetafutiwa mshipa haulizi una cheti gani. Mafunzo huchukua takriban miaka 3, darasani na wodini, kisha unafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi ili upewe leseni. Baada ya hapo unaweza kuendelea na shahada huku ukifanya kazi, jambo ambalo shangazi yako pengine hakuambiwa. Yeye anahesabu vyeti. Wewe hesabu pia umri utakaokuwa nao unapoanza kulipwa kwa taaluma yako.

Kuhusu karo, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, si wa wanafunzi wa vyuo vikuu pekee. Omba huo, na uombe basari ya eneo bunge na ya kaunti kwa pamoja. Fomu hizo mara nyingi hutaka sahihi ya chifu, na foleni yake ni ndefu kuliko ya hospitali. Maombi ya KMTC hupitia KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, na dirisha likifungwa hakuna wa kumbembeleza. Kwa ami nenda, lakini mwambie tangu mwanzo kwamba ni mpaka siku utakayoripoti chuoni, na kwamba akuwekee akiba nusu ya mshahara.

Binti wa Kisauni:
Nawashukuru nyote. Nimetazama karatasi: nilifanya masomo 8 na kemia ndiyo ya mwisho, kwa hivyo miezi yote hii nimekuwa nikiilaumu bure. Ami amekubali kwa masharti hayo, ingawa ameguna kidogo. Shangazi bado sijamwambia. Leo alfajiri nilimsomea mama majibu yenu kutoka kwenye simu huku akigeuza mahamri, naye hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho, akapangusa mikono kwenye leso, akaniuliza ofisi ya chifu hufunguliwa saa ngapi.