Mrejesho: Kiti kizuri Uwanja wa Mkapa, Dar, kwa bei ya kawaida

Wakuu, niliuliza hapa nikate tiketi gani ya dabi ya Simba na Yanga nikiwa na mwanangu wa miaka tisa: mzunguko (viti vya bei ya chini kabisa), machungwa (viti vya rangi ya chungwa, bei ya kati) au nijibane nilipie VIP. Wengi mlisema machungwa, nami nikawasikiliza. Asanteni sana.

Tuliingia mapema, watu wakiwa bado wachache, tukachagua wenyewe. Mtoto alikimbilia safu za mbele kabisa. Tukakaa kidogo, nikaona haifai: kati yetu na uwanja kuna njia ya wakimbiaji, na ukiwa chini hivyo mpira ukienda upande wa pili unaona miguu tu. Tukapanda juu, usawa wa mstari wa kati. Hapo ndipo nilipoelewa mlichokuwa mnanieleza! Beki akipanda, kiungo akirudi kuziba nafasi, vyote unaviona. Kijana alikuwa ananionesha kabla hata pasi haijapigwa.

Nyuma ya goli nisingekaa na mtoto, lango la pili liko mbali mno. Pesa niliyookoa kwa kutolipia VIP ilitosha maji, chakula na bajaji ya kurudi Mbagala.